Sifa kwa Anayerudisha Mwangaza

Bibi harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde anatoka kanisani saa saba mchana, gauni jeupe, jua la Dar es Salaam liko utosini. Kwa kamera hakuna mtihani mgumu kuliko huo. Ukipima mwanga kwa gauni, uso unazama gizani. Ukipima kwa uso, gauni linaungua na nakshi zake zote zinafutika. Video za HDR, zenye wigo mpana wa mwangaza, zilikuja kubeba vyote viwili kwa pamoja. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, tunaopenda kuvaa nyeupe siku za sherehe, sijui kama kuna uvumbuzi wa kamera uliotufaa zaidi. Kisha video inatumwa kwa shangazi Tanga, naye anaifungua na kukuta harusi imepauka: gauni la kijivu, mashavu yasiyo na damu. Fundi anayeweza kuirudishia harusi ile rangi zake ndiye ninayemsifu hapa.

Kazi yake imesimama juu ya hesabu. Video ya kawaida hutumia biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, na kwa desturi hutayarishwa kwa kioo cha mwangaza wa niti 100. Video ya HDR hutumia biti 10, ngazi 1,024, na mkunjo wa PQ, yaani kanuni ya kugeuza namba kuwa mwangaza, uliopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2014, unahesabu mwangaza hadi niti 10,000, kiasi ambacho hakuna kioo cha simu kinachokifikia. Katika mkunjo huo, niti 100 hukaa karibu na katikati ya ngazi zote. Programu isiyosoma maelekezo yaliyofungwa ndani ya faili huichukua namba hiyo ya katikati kana kwamba ni ya video ya kawaida, na katikati ya video ya kawaida ni kijivu. Weupe wa gauni bado umo humo, ila umesomwa vibaya. Rangi nazo, zilizoandikwa kwa wigo mpana na kuonyeshwa kwenye wigo finyu bila kugeuzwa, hufifia vivyo hivyo.

Upo mkunjo mwingine, HLG, uliobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo ya televisheni, ukapangwa ili hata kioo cha zamani kitoe picha inayotazamika. Simu za iPhone kuanzia toleo la 12, la mwaka 2020, hurekodi Dolby Vision juu ya mkunjo huo. Ndiyo maana fundi aliyezoea huanza kukisia chanzo kwa macho tu: kijivu kizito humpeleka kwenye PQ, mpauko mwepesi humpeleka kwenye HLG.

Pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, fundi mwenye papara hukimbilia kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo wake upya. Tabia hiyo siipendi hata kidogo, kwa sababu mara nyingi inamfutia mteja picha zake na kuuacha ugonjwa palepale. Aliyeiva huuliza kwanza: video zote ziko hivi, au hii moja? Huifungua kwa programu nyingine, tuseme VLC, kisha kwenye simu nyingine. Huangalia kama hali ya kuokoa betri imewashwa. Huishika simu mgongoni, kwani ikipata joto hupunguza mwangaza yenyewe, na HDR bila mwangaza ni jina tu. Sauti ikienda huku picha ikikwama, anajua chipu haiwezi kufumbua video ya biti 10 iliyobanwa kwa mfumo wa HEVC, kwa hiyo kazi yote imeangukia kichakata kikuu nacho kimezidiwa.

Kuna swali moja linalohitaji ujasiri: kioo kimewahi kubadilishwa? Simu nyingi hutoka kiwandani na kioo cha OLED, ambacho kila pikseli hujitolea mwanga wake, na kikivunjika hufungwa kopi ya LCD inayomulikwa kwa nyuma. Programu ya simu haijui kilichotokea. Inaendelea kuagiza mwangaza wa OLED kwa kioo kisichouweza, na nyeusi inakuwa kijivu usiku mzima wa filamu. Hapo hakuna mpangilio utakaosaidia. Fundi anayelisema hilo waziwazi, huku akijua mteja anaweza kwenda meza ya jirani anakoahidiwa muujiza, namheshimu kuliko wote.

Pale simu ya shangazi isipoiweza HDR, dawa ni kutengeneza nakala ya kawaida. FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hufanya kazi hiyo, lakini haiamui badala ya mtu. Ni lazima kuchagua namna ya kuubana mwangaza, kwa mfano kanuni ya Reinhard iliyotolewa mwaka 2002, au ya John Hable, iliyopata umaarufu kupitia mchezo wa kompyuta wa Uncharted 2, ambayo hutunza nakshi za sehemu zenye mwanga mkali lakini huelekea kuifanya picha nzima iwe na giza kidogo. Fundi hujaribu, hutazama shavu la bibi harusi, hutazama lesi ya begani, hurekebisha, hujaribu tena. Hakuna namba inayomwambia kwamba sasa ngozi ile ni ya binti yule. Analijua hilo kwa sababu amezitazama sura za watu wake kwa makini, na huo ni ujuzi ambao mtengeneza simu aliye mbali hawezi kumfungia ndani ya boksi.

Nawe msomaji, ukienda kwake, mpelekee faili lenyewe lililotoka kwenye kamera. Lile lililopita WhatsApp kama video limeshabanwa upya, na huenda maelekezo ya mwangaza yamedondoka njiani. Litume kama hati ili lifike lilivyo. Na usilifute faili la asili hata baada ya kupata nakala nzuri, maana nakala ile imetengenezwa kwa ajili ya vioo vya leo.