Muziki na akili: tusiuze ngoma yetu kama dawa

Katika mukutano wetu wa mwisho ndugu mumoja alisimama akasema: «Bazungu bamekwisha kuonyesha, mutoto akisikiaka muziki ya Mozart, akili inapanda. Basi shiye tuko na ngoma yetu. Tuiweke ku sidi, tuuzishe ku bazazi.» Watu walipiga mikono. Mimi pia nilipiga, kusema kweli. Lakini kisha kufika nyumbani nikaanza kufikiri, na nikaona maneno hayo yako na makosa mawili: moja juu ya Mozart, na lingine, lenye kuniumiza zaidi, juu ya ngoma.

Tuanze na Mozart. Mwaka wa 1993 Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky, wa chuo kikuu cha California kule Irvine, walichukua wanafunzi 36. Hawakuwa watoto, walikuwa watu wazima. Waliwasikilizisha kwa dakika 10 sonata moja ya Mozart ya piano mbili, kisha wakawapa majaribio ya kupima namna mutu anavyoona umbo la vitu ndani ya mawazo yake: kwa mufano karatasi ikikunjwa hivi na kukatwa hapa, ikifunguliwa itakuwa namna gani? Walipata karibu nukta 8 ao 9 zaidi kuliko kisha kukaa kimya. Lakini wafundi hao wenyewe waliandika kwamba faida hiyo haikupita dakika 10 mupaka 15. Dakika kumi na tano, ndugu zangu! Wakati mwingine kungojea taksi-basi kunakamata zaidi.

Habari ilipita katika magazeti, na kila mwenye kuipokea aliongeza chumvi yake. Mwaka wa 1998 Zell Miller, gavana wa Georgia kule Marekani, aliomba dola 105.000 ili kila mutoto mwenye kuzaliwa katika jimbo lake apewe muziki ya namna hiyo. Katika kazi ya 1993 hakukuwa hata kitoto kichanga kimoja.

Kisha wengine walijaribu tena, na wengi hawakuona kitu. Mwaka wa 1999, kule Kanada, Kristin Nantais na Glenn Schellenberg waliona jambo lenye kuchekesha: watu wenye walipenda hadithi ya Stephen King kuliko Mozart walifanya jaribio vizuri zaidi kisha kusikiliza hadithi. Basi haikuwa Mozart. Ilikuwa furaha na kuamka kwa mwili. Mutu mwenye kuchangamka anafanya kazi vizuri: nani kati yetu hakujua hiyo? Wenye kuvuta kamba pamoja wanaimba, na wamama wakitwanga pia.

Kusikiliza ni kitu kimoja, kujifunza kupiga ni kingine. Mwaka wa 2004 Schellenberg aliandika juu ya watoto 144 wa miaka 6. Wenye walijifunza muziki mwaka muzima walipanda karibu nukta 3 kuliko wenzao. Ni kidogo, lakini iko. Hata hivyo, mwaka wa 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya kazi 54 juu ya watoto na muziki, wakaona kwamba kadiri kazi ilivyofanywa kwa uangalifu, ndivyo faida ilivyopungua, mupaka karibu na sifuri. Sasa sisi tutaandika nini kwenye sidi yetu?

Kosa la pili. Tukisema ngoma ni ya maana juu inaongeza nukta za hesabu, siku moja mutoto atatuuliza: «Papa, kama hesabu naielewa bila ngoma, ngoma ni ya nini?» Na tutakosa jibu. Tumesahau kazi yenye wimbo ulikuwa nayo kwetu, kazi ya kuchunga maneno. Na hapo sayansi iko upande wetu. Mwaka wa 1994 Wanda Wallace alionyesha kwamba watu wanakumbuka maneno ya kuimbwa kuliko ya kusemwa, lakini kwa sharti: sauti ya wimbo irudiwe, ubeti kwa ubeti, mupaka sikio liizoee. Ikisikiwa katika ubeti mumoja tu, haisaidie, hata inasumbua. Watu wetu wenye kurudia kiitikio mara kumi walikuwa wanachoshana bure? Hapana.

Tuangalie lukasa ya Baluba wa Katanga. Ni ubao mudogo wenye kuenea mukononi, wenye shanga na makombe. Mutu wa mbudye aliushika kwa mukono wa kushoto, kidole cha mukono wa kuume kikatembea juu yake, huku akisema na kuimba habari za wafalme, safari zao na pahali pao patakatifu. Mwenye hakufundishwa anaona shanga tu. Akili ilikuwa katika kidole, katika sauti, na katika miaka ya kufundishwa.

Nkambo yangu mwanamuke alinifundisha majina ya wakubwa wa ukoo kwa wimbo, wakati wa kutoa punje za mahindi. Mupaka leo, mukiniuliza wa tano ni nani, ninapaswa kuimba tangu wa kwanza. Watoto wangu hawajui hata mumoja. Sikuwaimbia, nilifikiri masomo yatawatosha.

Sikatae sidi. Feza yenye ilikusanywa iko kidogo, lakini itoshe kwa kwenda kwa wazee wenye wangali wanajua nyimbo za ukoo, na vijana watatu ao wane wakae nao, waimbe, wakosee, warudie. Sidi ifuate nyuma. Na juu ya karatasi yake lile neno «akili» liondolewe. Tuandike jina la wimbo, kijiji, mwaka, na wenye waliuimba.