Bisibisi ya Mapigo au "Dereva wa Athari"? Uhakiki wa Maneno Yanayouza Zana za Betri

Miongoni mwa zana zilizoingia kwa wingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi katika miaka ya karibuni ni ile mashine ndogo ya mkononi, yenye umbo la bastola na betri chini ya mpini, ambayo mafundi huitumia kukazia skrubu ndefu katika mbao na mabati. Zipo za bei nafuu ambazo mwenye nyumba wa kawaida, na hata mkulima mwenye banda na uzio wa kutengeneza, anaweza kuzimudu. Hilo ni jambo la kupokelewa kwa furaha. Lakini mnunuzi huyo huchagua kwa kusoma, au kwa kusomewa na muuzaji. Naye akisoma matangazo yaliyotafsiriwa kwa kompyuta, hukuta kwamba anauziwa "dereva wa athari". Makala hii inakusudia kuyahakiki maneno ya namna hiyo, kwani tunaamini kwamba istilahi mbaya humtoa mtu fedha mfukoni kama kipimo kibovu kimtoavyo sokoni.

Asili ya kosa haifichiki. Jina la Kiingereza la zana hii limeundwa kwa maneno mawili. La kwanza laweza kuwa na maana ya pigo au ya athari. La pili laweza kuwa na maana ya mwendesha gari au ya kifaa cha kukazia skrubu. Mashine ya kutafsiri haijapata kushika skrubu, na kwa hiyo imechukua maana zilizo nyingi zaidi katika maandishi, yaani athari na dereva. Kwa mantiki iyo hiyo, zana ya kutobolea ubao imeitwa "kuchimba visima", na ncha yake ikaitwa "kuchimba kidogo", kwa kuwa neno la Kiingereza la ncha hiyo lina pia maana ya kitu kidogo. Msomaji anaweza kucheka. Lakini mkulima aliyeuza gunia zake za mahindi ili apate zana moja tu hana nafasi ya kucheka.

Hapana budi kwanza tukieleze kitu chenyewe, kwani istilahi hutoka katika kazi ya kitu. Zana tatu hufanana kwa sura, nazo zote huitwa "drili" madukani. Ya kwanza huzungusha tu: ina taya tatu za kubana ncha, na aghalabu ina klachi inayoachia skrubu inapokaza kiasi kilichopangwa. Ya pili huzungusha na papo hapo hugonga kwa mbele, kama patasi ipigwavyo, ili itoboe ukuta wa matofali au zege. Ya tatu, ambayo ndiyo tunayoizungumzia, huzungusha. Na skrubu inapokuwa nzito, kipande cha chuma kilichoshikwa na springi ndani yake hurudi nyuma, huachia, kisha hulipiga fuawe kwa upande wa mzunguko, mara nyingi kwa kila sekunde. Pigo hilo halisukumi mbele. Linasukuma katika kuzunguka. Ndiyo maana mkono wa mtumiaji haupindwi sana, na skrubu ndefu huzama bila kichwa chake kulika.

Sasa tupime majina. "Athari" halifai, kwa sababu katika Kiswahili athari ni matokeo ya jambo, na mara nyingi ni madhara. Zana ya athari ingekuwa zana ya kumdhuru mwenyewe. Wako wanaopendekeza "bisibisi ya mshtuko". Nalo tunalikataa, kwa kuwa mshtuko katika zana yoyote ya umeme ni kile ambacho umeme humfanyia mtu, na jina hilo lingemtisha mnunuzi au, vibaya zaidi, lingemzoesha kuona kwamba kushtuliwa ni desturi ya zana. Neno "nyundo" lina haki fulani, maana ndani ya zana mna nyundo na fuawe. Lakini fundi akisikia nyundo huona pigo la kwenda mbele, kama la msumari, na hiyo ni sifa ya zana ya pili.

Kwa hiyo tunaona inafaa zana ya kwanza iitwe "keekee ya betri", ya pili "keekee nyundo", na ya tatu "bisibisi ya mapigo". Maneno keekee na bisibisi si mageni. Yote mawili yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na maseremala waliyatumia kabla ya kamusi hiyo. Keekee hutoboa, bisibisi hukaza: tofauti hiyo peke yake yamtosha mnunuzi kujua aanzie wapi. Wingi wa "mapigo" nao una kazi, kwani hutukumbusha mapigo ya moyo, yaani mpigo wa kurudia-rudia ulio ndani ya mwili na usioonekana. Dada yake mkubwa, anayefungua nati za magurudumu, ataitwa bila taabu "spana ya mapigo".

Ama kuhusu "isiyo na waya", tunashauri liachwe katika zana. Maneno hayo yamekwisha kushikwa na mawasiliano, ambako hayahusiani na betri bali na namna ujumbe unavyosafiri. Fundi husema "ya betri" au "ya chaji", naye yu sahihi zaidi, kwa kuwa hukitaja kitu kwa kile kilicho nacho badala ya kile kilichokosa.

Penye hatari kubwa zaidi ni tarakimu. Betri nyingi za daraja hili zina seli tano za lithiamu ioni zilizounganishwa mfululizo. Kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na tano hufanya 18. Zikitoka kwenye chaja zikiwa zimejaa, kila moja hufika volti 4 na kitu, na jumla hukaribia 20 au 21. Basi sanduku moja huandikwa 18V na jingine 20V, na mnunuzi hulipia zaidi akidhani amepata nguvu zaidi, ilhali betri ni zile zile. Tunapendekeza tafsiri ziseme waziwazi "volti za kawaida" na "volti za kilele". Zipo pia zana za bei ya chini zenye alama kama 48VF au 88VF. Alama hiyo si kipimo cha volti. Aghalabu ndani mna seli tano zile zile, au kumi zilizopangwa kwa mistari miwili. Mfasiri anayeinakili alama hiyo na kuiandika "volti 88" hatafsiri tena, bali anashuhudia uongo.

Kipimo chenye faida ni cha akiba ya betri, nacho hupatikana kwa kuzidisha volti za kawaida kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Ya ampea-saa 4 ina wati-saa 72, na itafanya kazi kwa muda wa takriban mara mbili. Kipimo kingine ni nguvu ya kukaza, ihesabiwayo kwa nyutonmita. Walimu wanaweza kuieleza hivi: nyutonmita 150 ni sawa na uzito wa kilo 15 hivi ulioning'inizwa kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa meta moja. Bisibisi nyingi za mapigo za daraja la volti 18 hutajwa kuwa na kiasi cha hapo au zaidi kidogo, jambo ambalo latosha kabisa kwa kenchi, uzio na banda la kuku. Lakini hicho ni kilele cha maabara, si ahadi ya kufungua nati za trekta zilizoshika kutu.

Limebaki neno "brashi". Mota za bei nafuu hupokea umeme kwa vipande vya kaboni vinavyolika na kubadilishwa. Mota za bei ya juu hazina vipande hivyo, hudumu zaidi na hula betri kidogo. Tafsiri ya "isiyo na brashi" humfanya msomaji afikirie rangi na ukuta. Mafundi wa mota huita vipande hivyo "kaboni", nasi hatuoni sababu ya kuwapinga. "Mota ya kaboni" na "mota isiyo ya kaboni" yatosha.

Maneno yakiwa sawa, uchaguzi nao huwa mwepesi. Mwenye kutaka kutoboa zege ataacha bisibisi ya mapigo na kuchukua keekee nyundo. Mwenye kuezeka bati atachukua bisibisi ya mapigo, lakini atajua kwamba nyingi hazina klachi, na kwamba akishikilia kitufe kupita kiasi atalibana pete la mpira lililo chini ya kichwa cha skrubu hadi lipasuke, na mvua ya kwanza itamweleza kosa lake. Atauliza kama betri na chaja vimo katika bei, kama betri nyingine ya aina hiyo hupatikana dukani, na kama chaja ni ya umeme wa volti 230. Atanunua ncha zilizotengenezwa kwa mapigo, zenye shina la pembesita la milimita 6.35, kwani ncha za kawaida huvunjika. Ataziba masikio, maana zana hii ina kelele kali.

Jambo hili haliwahusu wanunuzi binafsi peke yao. Afisa anayeandika "drili kumi" katika zabuni ya chuo cha ufundi amemwachia mzabuni uhuru wa kuleta chochote kati ya vitu vitatu, na hatakuwa na hoja ya kuvikataa vikifika. Akiandika "bisibisi ya mapigo, volti 18 za kawaida, betri mbili za ampea-saa 4", ameilinda fedha ya umma kwa maneno machache tu ya Kiswahili. Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wafasiri, walimu na mafundi. Wenye majina yaliyo bora zaidi, hasa yale yasemwayo karakanani, wayalete yapimwe. Lakini yapimwe kwa swali moja: je, aliyelisikia jina atajua zana ifanyavyo kazi kabla hajatoa fedha yake?