Nambari za Nywele

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo hutajwa kwa ajili ya akili. Nywele zenyewe, ewe msomaji, aghalabu hazipewi nafasi ya kufikiriwa. Mtu aliyezifikiria ni Andre Walker, msusi wa Marekani aliyejulikana kwa kumtengeneza nywele Oprah Winfrey. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 alizigawa nywele za wanadamu mafungu manne: la kwanza zilizonyooka, la pili za mawimbi, la tatu za kuviringana, la nne zilizojisokota kabisa. Mafungu hayo nayo yaligawanywa kwa herufi. Alama ya 4C, ambayo vijana wengi hujitajia leo, iliongezwa na watu wengine baadaye.

Mpango huu una sifa yake, wala si haki kuunyima. Sisi katika mazungumzo ya kila siku tumezoea maneno mawili, singa na kipilipili, na hilo la pili lazifananisha nywele na kiungo cha mchuzi! Walker alionyesha kuwa baina ya ncha hizo mbili mna mengi.

Lakini kwa nini hesabu ianzie kwa nywele zilizonyooka na kuishia kwa zetu? Hata kama mwandishi hakukusudia cheo, nambari ina desturi yake. Mwanafunzi ajuaye maana ya kushika nafasi ya kwanza darasani ataisoma 4 kama hukumu, na pengine ataifuata hukumu hiyo mpaka kwenye dawa kali ya kunyoosha nywele, iwezayo kumwunguza ngozi ya kichwa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Umbo pekee halitoshi. Wasichana wawili waweza kuitwa 4C, mmoja nyuzi zake nyembamba, mwingine nene. Mmoja nywele zake hunywa maji upesi, mwingine huyateleza. Tena kichwa kimoja chaweza kuwa na namna moja utosini na nyingine kisogoni. Kifuko cha ngozini kinachootesha unywele kikipinda, unywele nao hutoka umepinda. Mafuta ya ngozi hupata taabu kuzipita kona hizo, hivyo ncha hukauka, na kitana kikipitishwa pakavu, unywele hukatika penye pindo. Ujuzi huu wamfaa mwenye nywele kuliko nambari yoyote.

Mwaka 2007 watafiti wa L'Oréal walitoa mpango mwingine wa mafungu manane, uliopatikana kwa kupima mapindo badala ya kuyakadiria kwa macho. Hiyo ni hatua njema, ingawa nao pia walianzia kwa zilizonyooka.

Kisha mwaka 2023 Tina Lasisi na wenzake walitangaza jaribio lao. Walimvisha sanamu mwenye joto kama la mwili nywele bandia zilizotengenezwa kwa nywele za watu, wakamwekea mwanga mfano wa jua. Nywele za kila namna zilipunguza joto lililofika kichwani, lakini zilizojisokota sana zilishinda zote. Katika jedwali la Walker hamna safu ya jambo hilo.