Nakala na Jina la Mtunzi

Hapana shaka kwamba ushairi wa Kiswahili umeishi kwa kunakiliwa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, zikahaririwa na Hichens na kuchapishwa mwaka 1940. Wanukuzi hao walihifadhi tungo pamoja na jina la mtunzi. Leo ukurasa wa diwani hupigwa picha, beti zikasambazwa kwa simu bila jina, na utungo wa malenga aliye hai ukahesabiwa kuwa wa jadi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maishani mwake na miaka 50 baada ya kufa. Lakini aliyepotezewa jina atadai haki yake kwa ushahidi gani? Mhakiki anayenukuu matini kama hayo bila kumtafuta mwenyewe hushiriki katika unyang'anyi huo.