Dhana ya Mapenzi katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umehakikiwa kwa muda mrefu kama hati ya utiifu wa mke. Wahakiki wengine wanauona kuwa mwongozo wa adabu za ndoa. Wengine, ushahidi wa kudunishwa kwa mwanamke. Na wengine wanausoma kama kejeli. Mikabala hii hushughulikia zaidi amri zilizomo kuliko vitendo vinavyoamriwa.

Vitendo vyenyewe ni vidogo. Mume akilala, mke asimwamshe wala asipaze sauti; ampapase, apatikane wa kumpepea, naye abaki papo hapo hadi aamke. Akiamka, aandaliwe chakula, asingwe na kuogeshwa. Kisha binti anausiwa amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema. Tashbihi hii ni muhimu mno. Mtoto wa aina hiyo hawezi kuamuru. Anayemlea hulazimika kuitambua haja yake kabla haijatamkwa. Kwa mtunzi huyu, basi, mapenzi si tamko bali ni uangalifu.

Hata hivyo, uangalifu huo una mipaka ambayo mhakiki hana haki ya kuifumbia macho. Mume haagizwi popote kumpepea mke. Binti naye anakatazwa kuchangamana na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Malipo ya mke ni radhi: Mwana Kupona anasimulia kwamba yeye na mumewe, Bwana Mataka wa Siu, hawakugombana hata siku moja, na kwamba mume alipofikiwa na mauti alimkariria radhi zake. Wema usiorudishwa ila kwa neno la kuridhia unakaribia sana kuwa utumishi.

Lakini utendi una tendo jingine la wema, nalo halitokani na amri ya mume. Mama aliye mgonjwa anamwita bintiye akae karibu, na wino na karatasi, ili amtungie alichokiita hirizi na kidani cha lulu na marijani. Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860. Nguvu alizobakiwa nazo alizitumia kumkinga mwanawe katika ulimwengu ambao hakuweza kuubadili. Hapo ndipo maana ya mapenzi inapodhihirika kikamilifu zaidi, na hapo pia ndipo penye uchungu wake: mkono unaomvika binti kidani ndio unaomkabidhi mzigo.