Sentensi Moja ya Tenerife: Filamu za Ajali za Ndege na Mzigo wa Mfasiri

Tangu mwaka 2003, mfululizo wa Mayday wa Kanada ulipoanza kuonyeshwa, filamu za hali halisi juu ya ajali za ndege zimekuwa utanzu wenye kanuni zake, na siku hizi hutazamwa kwa wingi katika mtandao wa intaneti. Kanuni zenyewe ni chache. Abiria hupanda wakicheka, waigizaji hukalia viti vya marubani, ndege huanguka, kisha wachunguzi hufika na kusikiliza kinasa sauti. Mtazamaji anajua mwisho tangu mwanzo. Kinachomshika ni hamu ya kujua nani aliyekosa. Hamu hiyo ndiyo udhaifu wa utanzu huu, na ajali ya Tenerife yaudhihirisha kuliko nyingine.

Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika kiwanja cha ndege cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikaelekezwa kwenye kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Miongoni mwazo zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Ukungu ukatanda. Ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke ilhali ile ya Pan Am ingali katika njia ile ile. Walikufa watu 583. Waliosalimika ni 61, wote wa Pan Am.

Filamu zinazosimulia msiba huo, Crash of the Century (2005) ikiwa mojawapo, humweka mbele rubani mkuu wa KLM, Veldhuyzen van Zanten: mwalimu wa marubani, mtu ambaye uso wake ulitumiwa katika matangazo ya kampuni, na ambaye siku hiyo alibanwa na sheria ya saa za kazi. Ni mhusika mzuri wa tamthilia, na pengine mzuri mno. Kosa lake halikanushiki: aliondoka bila idhini, na mhandisi wa ndege alipouliza kama Pan Am imekwisha kutoka njiani, alimjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Lakini kati ya rubani na mnara palikuwapo sentensi moja, ambayo filamu huipitia haraka kama vile ilikuwa wazi.

Ndege ilipokwisha kuanza kukimbia, rubani msaidizi aliuambia mnara kwa Kiingereza maneno ambayo mara nyingi yamenukuliwa hivi: "We are now at take-off". Mwongoza ndege alifahamu kwamba ndege imesimama mahali pake, ikingoja. Akajibu "OK", kisha akaiamuru isubiri. Wakati huo huo Pan Am nayo ikasema kuwa ingali njiani. Sauti mbili zikagongana katika redio, ukatoka mlio mkali, na katika chumba cha marubani wa KLM neno lililosikika vizuri likawa lile "OK" peke yake.

Steven Cushing, katika Fatal Words (1994), aliieleza sentensi hiyo kwa sarufi ya Kiholanzi. Katika lugha hiyo tendo linaloendelea huweza kutajwa kama mahali: mtu yuko "kwenye kuruka", maana yake anaruka sasa hivi. Msomaji wa Lubumbashi hana haja ya kwenda Uholanzi ili aelewe jambo hili. Kiswahili cha mjini husema "tuko naruka", na kile -ko cha mahali kimekwisha kuwa alama ya tendo linaloendelea. Asemaye anasikia tendo. Mgeni aliyejifunza -ko katika vitabu huenda akasikia mahali.

Tafsiri ndiyo inayoonyesha hasara. Mfasiri atakayeandika "tunaruka sasa" amempa mtazamaji maana ya marubani, na mwongoza ndege ataonekana mzembe asiyesikia. Atakayeandika "tupo pa kurukia" amempa maana ya mnara, na marubani wataonekana waongo. Kwa vyovyote vile utata umekufa, na utata huo ndio uliokuwa hatari. Hata ripoti za serikali ziligawanyika: Wahispania walitilia mkazo kuondoka bila idhini, Waholanzi kutoelewana kwa redio. "Tuko kwenye kuruka" ingekuwa sentensi mbaya ya Kiswahili sanifu na tafsiri bora kuliko zote, kwani mtazamaji angesita kama ilivyopasa mtu asite siku ile.

Wala Tenerife si ya pekee. Tarehe 25 Januari 1990, katika ndege ya Avianca 52 iliyokuwa ikiishiwa mafuta karibu na New York, rubani mkuu alimwambia msaidizi wake kwa Kihispania awaarifu kwamba wako katika hali ya dharura. Msaidizi alisema kwa Kiingereza kuwa mafuta yanakwisha, asilitaje neno lenyewe la dharura. Walikufa watu 73 kati ya 158.

Kwa kuwa utanzu huu huishi kwa kinasa sauti, wafu wanaouelea ni wale waliokuwa karibu na redio. Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya Antonov iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuruka kutoka Ndolo, Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita, ikaua watu zaidi ya 200. Wanawake wa sokoni hawakuwa na chombo cha kunasa neno lao la mwisho.

Baada ya Tenerife iliamuliwa kwamba neno "take-off" litamkwe tu idhini ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Penginepo pote husemwa "departure". Kiswahili kina "kuruka" na "kuondoka", jozi inayotosha kabisa. Hata hivyo mfasiri mwenye haraka huandika "kuruka" katika mahali pote pawili, na mtazamaji wake hatajua kwamba kanuni iliwahi kubadilishwa.