Sahani ya Bati: Maana na Matumizi ya Majina ya Vyombo katika Kiswahili cha Kitale na Bungoma

1. Tatizo

Katika masoko ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu huitwa sahani ya bati. Kikombe cha jinsi hiyo hiyo huitwa kikombe cha bati. Ilhali mtu wa kemia akikichunguza chombo hicho hataona bati ndani yake. Ataona bamba la chuma lililofunikwa kwa utando wa kioo: unga wa kioo hunyunyizwa au hupakwa juu ya bamba, kisha huchomwa katika tanuri lenye joto la sentigredi 800 hivi, hata ukayeyuka na kushikamana na chuma. Utando huo ndio unaoitwa enameli.

Kutokana na jambo hilo yamezuka madai kwamba wasemaji wa bara wamekosea, na kwamba mwanafunzi afundishwe kuandika sahani ya enameli, au hata chombo cha chuma chenye utando wa enameli. Madai hayo yana sura ya usahihi. Hata hivyo, yakipimwa kwa historia ya maneno yenyewe, hayasimami. Yanachanganya mambo mawili ambayo hapana budi yatenganishwe, nayo ni maada ya kitu na jina la kitu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kiswahili, kama ilivyo katika Kiingereza ambako istilahi hiyo imetoka, jina la chombo huanza aghalabu kwa maada, lakini huishia katika kazi. Na kwamba kamusi inayofasili chombo kwa maada peke yake humwacha msemaji nyuma.

2. Bati kabla ya enameli

Neno bati halikungoja sahani za enameli ndipo lihame. Maana yake ya msingi ni metali nyeupe, laini, inayoyeyuka upesi. Lakini mtu wa Bungoma asemapo kwamba ameezeka nyumba yake kwa mabati, hasemi habari za metali hiyo. Mabati ya kuezekea ni mabamba ya chuma yaliyopakwa zinki ili yasishike kutu. Hapana mwalimu asahihishaye nyumba ya mabati kuwa nyumba ya chuma kilichopakwa zinki, na angefanya hivyo angechekwa na darasa zima.

Hii ina maana kwamba bati lilikwisha kupata maana ya pili: bamba jembamba la chuma lililofunikwa kwa kitu cha kulikinga. Kwa maana hiyo ya pili, sahani ya enameli ni ya bati bila ya taabu yoyote, kwani nayo ni bamba jembamba la chuma lililofunikwa. Tofauti ya zinki na kioo ni muhimu kwa fundi wa kiwandani. Kwa mpishi, tofauti iliyo muhimu ni ile iliyopo baina ya chombo kinachovunjika kikianguka na kile kinachobanduka utando tu. Sahani ya udongo huvunjika; sahani ya bati hubonyea na kubanduka. Lugha imeigawa dunia ya vyombo kwa mpaka huo, nao ni mpaka wenye mantiki.

3. Ushahidi wa Kiingereza

Wanaotaka neno enameli litumike mezani hudhani kwamba Kiingereza kina nidhamu kubwa zaidi katika jambo hili. Ukweli ni kinyume. Maneno “tin”, “glass”, “cup”, “dish” na “kettle” yalikuwamo katika Kiingereza cha kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya karne ya 12. Mawili ya kwanza yalikuwa majina ya maada. Baadaye yote mawili yakawa majina ya vyombo pia: “tin” likawa kopo, ingawa makopo yenyewe hutengenezwa zaidi kwa chuma, na “glass” likawa chombo cha kunywea. Matatu yaliyobaki yalitoka katika Kilatini, na mojawapo, “kettle”, lilitokana na neno lililokuwa na maana ya bakuli dogo, likawa chungu cha kupikia, na leo ni chombo cha kuchemshia maji ya chai.

Neno “enamel” lenyewe si la Kiingereza cha kale. Lilikuja kwa njia ya Kifaransa baada ya Wanormani kuitawala Uingereza, ingawa shina lake ni la jamii ya lugha za Kijerumani na lina udugu na neno lenye maana ya kuyeyusha. Basi Kiingereza kilikopa neno hilo kwa Wafaransa, ambao nao walikuwa wamelikopa kwingine. Anayelitetea kwa hoja ya asili safi anatetea kitu ambacho hakipo.

4. Ushahidi wa Kiswahili

Mwenendo huo huo unaonekana katika majina ya vyombo vya Kiswahili, tena kwa wingi. Sufuria limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya shaba. Leo sufuria zilizojaa maduka ya Kitale ni za alumini, na hakuna anayeona kwamba sufuria ya alumini ni mgongano wa maneno. Sinia linatokana na jina la Kiarabu la nchi ya China, ambako vyombo vya kauri vilitoka. Lakini sinia la pilau ni la metali. Kopo limetoka kwa Wareno, ambao kwao ni chombo cha kunywea. Karai limetoka Bara Hindi, kwa maana ya chombo cha kukaangia. Huko Kitale na Bungoma husikika karai ya plastiki, nayo ni ya kufulia nguo.

Mfano ulio wazi kupita yote ni mtungi. Mtungi wa pwani ulikuwa chombo cha udongo cha kuwekea maji. Katika bara la Kenya mtungi ni chombo cha plastiki chenye mfuniko, cha lita 20 aghalabu, kinachobebwa kutoka mtoni au bombani. Na mahali pote mtungi wa gesi ni wa chuma. Udongo umeondoka, plastiki imeingia, chuma kimeingia. Kilichobaki ni kazi ya kuhifadhi kitu kisimwagike wala kisitoroke.

Hapa inafaa pia kulinganisha bilauri na glasi. Msemaji wa Kitale husema glasi, au gilasi, na mara nyingi huambiwa kwamba neno bora ni bilauri kwa kuwa glasi ni la Kiingereza. Lakini bilauri nalo limepita katika Kiarabu kutoka Kiajemi, na maana yake ya awali ni kioo safi kinachong'aa. Maneno haya mawili yamesafiri njia moja: kila moja lilikuwa jina la maada, likawa jina la chombo. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kama majina ya chombo, kikabaki na neno kioo kwa ajili ya maada. Ndiyo maana glasi ya plastiki ni usemi sahihi. Kulipendelea moja ni uamuzi wa mtindo au wa eneo, wala si uamuzi wa usafi wa lugha.

5. Kwa nini Kitale na Bungoma

Mtu aweza kuuliza kwa nini ushahidi utafutwe mbali na pwani. Sababu ni historia ya makazi. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926, wakati Trans Nzoia ilipokuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Bungoma iko kwenye njia ya reli iendayo Uganda. Bidhaa za dukani ziliingia kwa njia hizo, na majina yake yakaingia pamoja nazo. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yaligawanywa kwa wakazi wapya wa makabila mbalimbali. Mbukusu, Msabaoti, Mkikuyu na Mturkana walipokutana sokoni, lugha ya kuuziana ilikuwa Kiswahili.

Katika mazingira hayo neno halikai bila kufanyiwa kazi. Kibukusu kilipolipata neno kitabu, ambalo asili yake ni Kiarabu, kililipa viambishi vyake, likawa sitabu na wingi wake bitabu. Wasemaji wenye mazoea ya kulimiliki neno namna hiyo hawaoni haya kulimiliki bati. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliegemea Kiswahili cha Unguja, lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji. Uteuzi huo ulikuwa na faida zake. Lakini msingi si nyumba nzima, na wasemaji wa bara sasa ni wengi mno kuitwa wageni wa lugha.

6. Jina linapokuwa kipimo

Hoja hii ina upande wa pili ambao watetezi wa matumizi ya bara nao hawana budi kuukabili. Jina la chombo likiisha kuhama kutoka maada hadi kazi, laweza kuhama tena hadi kipimo. Debe lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 hivi. Likawa kipimo cha mahindi. Gorogoro ni kopo, mara nyingi lililokuwa la mafuta ya kupikia, linaloingiza nafaka ya kilo 2 hivi. Leo mtu hununua gorogoro mbili za maharagwe na kurudi nyumbani bila kopo lolote.

Hapa ulegevu wa maana una gharama. Gorogoro ni kipimo cha ujazo, wala si cha uzito. Na kitako cha kopo kikigongwa kikaingia ndani, jina halibadiliki lakini chakula hupungua. Mnunuzi wa gorogoro moja moja, ambaye ndiye mwenye fedha chache, ndiye anayepunjwa. Kamusi haiwezi kusimamia soko, kwani hiyo ni kazi ya sheria ya mizani na vipimo. Lakini kamusi ikiliacha neno gorogoro kwa kudhani ni la mitaani, au ikalieleza debe kuwa chombo tu, inamnyima msomaji maelezo ambayo angeyahitaji kuliko maelezo ya sinia.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo, inafaa fasili za vyombo zianze kwa kazi, zifuate kwa umbo, na maada itajwe mwisho kama jambo linaloweza kubadilika. Kwa mfano:

bati: 1. metali nyeupe laini iyeyukayo upesi. 2. bamba jembamba la chuma lililopakwa zinki, la kuezekea. 3. (-a bati) -liotengenezwa kwa bamba jembamba la chuma, hata likiwa na utando wa enameli: sahani ya bati.

glasi: chombo cha kunywea kisicho na mkono, cha kioo au cha maada nyingine, bilauri.

gorogoro: 1. kopo la kupimia nafaka. 2. ujazo wa kopo hilo, kilo 2 hivi; si kipimo cha uzito.

Enameli nayo ina mahali pake: katika masomo ya meno, ambamo hutaja tabaka gumu la nje la jino, na katika ufundi wa viwandani. Huko ni istilahi, na istilahi hudai mpaka mkali. Mezani neno lipo tayari. Mwanafunzi wa Bungoma anayeandika kwamba mama yake alimpakulia ugali katika sahani ya bati hajakosea. Na kalamu nyekundu inayolipigia mstari neno lake ndiyo inayohitaji kusahihishwa.